Gorogoro ya Shangazi na Mota ya Hatua

Jumapili moja ya ujana wangu haijanitoka kichwani, mwanangu, na kila nikishika mota inanirudia. Nakumbuka mvua ilikuwa imenyesha mapema kuliko desturi yake hapa Kisii, nakumbuka harufu ya mayai viza, na nakumbuka mke wangu amesimama mlangoni na mkoba begani. Hata mwaka tulikuwa hatujamaliza katika ndoa. Kidogo nimpoteze siku ile, na chanzo chake kilikuwa mkebe wa mahindi.

Usicheke bado. Ya kuchekesha yapo mbele.

Mimi ni mtoto wa mjini. Baba yangu aliuza vitambaa hapa Kisii, na mama yangu ni Mgusii aliyesilimu alipoolewa, kwa hiyo nyumbani tulisema Kiswahili, na tukienda kwa wajomba tunasema Kigusii cha kuchekwa. Baba alikuwa mkali sana kwa yadi. Kidole gumba cha muuzaji hakikuruhusiwa kula hata inchi moja ya mteja. Ungedhani mtoto aliyelelewa na mtu kama huyo angejua kupima, lakini mtoto wa mwalimu naye huanguka mtihani. Vitambaa sikuvipenda, nilipenda vyuma. Nyuma ya nyumba niliyopanga nilipigilia kibanda cha mabati, nikakiita karakana. Ndani mlikuwa na meza moja, jiliwa moja la kubania vyuma, na rundo la printa mbovu nilizookota ofisi zilipozitupa.

Ndani ya printa hizo ndimo nilimokutana na mota ya hatua. Wewe fundi kijana huenda unaijua kuliko mimi, maana siku hizi mnaagiza kwenye simu na inaletwa mpaka mlangoni. Lakini kama huijui, nikueleze upesi. Mota ya feni ukiipa umeme inazunguka kama mwendawazimu mpaka uizime. Mota ya hatua ni mtiifu. Ukiipigia umeme mara moja, inasogea hatua moja na kutulia. Zile zangu, hatua mia mbili zilikuwa mzunguko mmoja kamili, si zaidi wala si pungufu. Niliipenda kwa utiifu huo. Sikujua bado kwamba mtumwa mtiifu anaweza pia kukuficha jambo: mota ya hatua ikizidiwa na mzigo haikuambii. Haikati fyuzi, haitoi moshi. Inanguruma kidogo, inatetemeka papo hapo, na wewe unayeiamuru unaendelea kuhesabu hatua ambazo hazikupigwa.

Sasa mke wangu. Anaitwa Rukia, nilimtoa Kendu Bay, kwa Waislamu wa kule ziwani. Maneno yake machache, macho yake hayakosi kitu. Hata sasa hivi yuko jikoni, sufuria imenyamaza ghafla, maana yake anasikiliza kama ninasema kweli.

Na mtu wa tatu ndiye mwenye mayai. Tulimwita Magokoro Nyaboke. Magokoro ni nyanya kwa Kigusii, na ingawa hatukuwa na udugu naye, mama yangu alikuwa akinunua wimbi kwake sokoni Nyamache tangu nikiwa mgongoni. Mwaka ule ugonjwa wa kideri ulipita kwake na kumwachia kuku watatu tu. Waswahili husema kuku wa mkata hatagi, na akitaga haangui. Magokoro hakuupenda msemo huo. Alizunguka kwa akina mama wa kijiji chake, huyu akampa mayai matano, yule saba, mpaka yakatimia sitini, na yeye akamwahidi kila mmoja kumrudishia vifaranga. Kisha akanijia mjini.

"Nimesikia wewe unatengeneza kila kitu," akaniambia. "Sasa nitengenezee kuku."

Nikacheka, nikakubali. Kijana hakatai sifa. Kwake hakukuwa na umeme, kwa hiyo tulipatana mashine ya kuangulia vifaranga ikae kwangu. Joto halikunitisha: balbu nne na kipimajoto. Kazi ilikuwa kugeuza mayai. Kuku halisi hugeuza mayai yake kwa mdomo mara nyingi kwa siku, na yasipogeuzwa sawasawa kifaranga hugandamana na ganda na kufia ndani. Nikaunda trei ya mbao inayolala upande huu na upande ule kama pembea. Mota ingeivuta kwa uzi ilale huku, ikiachia, trei inarudi yenyewe.

Nilianza vizuri, sitaki ufikiri nilikuwa mjinga mtupu. Nilibeba trei mpaka Nyamache, tukayapanga mayai yote sitini ndani yake, na jirani wa Magokoro akatuazima mizani yake ya kuning'iniza, ile ya kupimia majani chai. Nikafunga uzi, nikavuta kwa mizani mpaka trei ikalala mwisho. Mshale ukasimama kwenye kilo moja na robo tatu. Nikaandika kiganjani. Mizani tukamrudishia mwenyewe, na mimi nikarudi Kisii na kikapu cha mayai yaliyofunikwa nyasi kavu, nimekikumbatia kama mtoto mchanga.

Ikabaki kupima nguvu ya mota. Upimaji wenyewe haujabadilika tangu hapo, mwanangu, hata mkiuita kwa majina makubwa. Unabana mota kwenye jiliwa. Kwenye ekseli yake unatia kigogo kidogo cha kuviringia uzi. Mimi nilitumia kile cha mbao kinachobaki uzi wa cherehani ukiisha, nilivirithi vingi kwa baba. Unaviringa uzi, unaning'iniza uzito, unaiamuru mota izunguke. Uzito ilioweza kuuinua, ukiuzidisha kwa nusu ya upana wa kigogo, ndiyo nguvu yake ya kuzungusha. Na kwa kuwa kigogo hicho hicho ndicho kingevuta trei, hata hesabu sikuihitaji. Ikiinua kilo mbili, itavuta kilo moja na robo tatu na kubakiwa na akiba.

Nikatafuta kilo mbili. Nikaangaza macho karakanani, nikaingia jikoni, na hapo juu ya rafu nikaiona gorogoro.

Hapa kwetu nafaka haipimwi kwa mizani sokoni. Hupimwa kwa gorogoro, yaani mkebe wa mafuta ya kupikia wa kilo mbili uliokwisha. Mahindi gorogoro moja, maharagwe gorogoro moja, na muuzaji akiwa na moyo anakurushia na konzi ya nyongeza juu. Mwulize mtu yeyote kutoka Kenyenya hadi Magwagwa gorogoro ni kilo ngapi, atakujibu mbili kabla hujamaliza kuuliza. Ile yetu alituzawadia shangazi yangu siku ya harusi, alipoacha biashara ya kuuza maharagwe. Nikaijaza mahindi pomoni, nikaitoboa ukingoni, nikaifunga uzi.

Mota ikaipandisha. Polepole, hatua kwa hatua, tik, tik, tik, gorogoro ikatoka sakafuni mpaka ikagonga ubao wa meza. Nikapiga kelele ya furaha. Rukia akaja mbio, mikono imejaa unga.

"Inainua kilo mbili!" nikamwambia.

Akaitazama. "Hiyo si gorogoro ya shangazi?"

"Ndiyo yenyewe."

"Na umeipima?"

"Gorogoro inapimwa?" nikamjibu, na nilimjibu kwa sauti ile ya mume mpya anayejua kila kitu. "Gorogoro ndiyo kipimo."

Akarudi jikoni. Haba na haba hujaza kibaba, mwanangu, ndivyo tulivyofundishwa shuleni, lakini hakuna mwalimu aliyetuambia tukikague kibaba chenyewe.

Basi nikaifunga mota kwenye mashine. Na kwa kuwa nilipenda mbwembwe, nikafungua kikokotoo changu cha mfukoni, nikauunganisha ule waya unaopeleka umeme kwenye mota na kitufe cha kujumlisha. Kila hatua niliyoiamuru mota, kikokotoo kikaongeza moja kwenye kioo. Kikifika mia mbili, najua trei imelala mwisho. Wageni walikuja kukiona. Hata imamu alikuja, akasema mashallah.

Rukia ndiye aliyelea mayai yale. Asubuhi kabla ya chai anatia maji kwenye kisahani ili hewa isikauke, anasoma joto, anaandika kwenye daftari. Mimi nilikuwa natazama kikokotoo tu. Siku ya tano akaniita.

"Hii trei naona haifiki mwisho. Inafika katikati inatetemeka, halafu inarudi."

Nikainama, nikatazama kioo. "Mia mbili. Imefika."

"Mimi nimeangalia trei," akasema.

"Na mimi nimeangalia hesabu."

Nikamwambia asiwe anafunguafungua mlango, joto linatoka. Akarudi kwenye daftari lake. Sikuliona hilo kuwa jambo kubwa. Majuto ni mjukuu, mwanangu, na mjukuu wangu alikuwa njiani akihesabu siku zake.

Siku ya ishirini na moja iliangukia Jumamosi. Magokoro ni Msabato, Jumamosi hafungi safari ya kuku wala ya mtu, kwa hiyo akaja Jumapili, amevaa kitambaa chake kizuri cha kichwa, na kikapu kikubwa mkononi cha kuchukulia vifaranga. Mimi Jumamosi yote nilikuwa nasikia sauti chache mle ndani nikijipa moyo kwamba wengine wanachelewa. Nikafungua mlango mbele yake.

Kumi na mmoja. Vifaranga kumi na mmoja waliosimama, na mayai arobaini na tisa yaliyokaa kimya. Moja lilikuwa limepasuka, na harufu yake ikajaza kibanda. Magokoro akakaa juu ya kigoda, kikapu magotini. Nadhani alikuwa anawahesabu wale akina mama, mmoja mmoja, kwa nyuso zao.

Na mimi, badala ya kunyamaza naye, nikatafuta pa kutupa aibu yangu. Nikanyosha kidole.

"Ni huyu," nikasema. "Nilimwambia asifunguefungue. Mashine haina kosa, mashine nimeipima mwenyewe. Mikono yake ndiyo imeua mayai."

Nilisema hivyo, mwanangu. Mbele ya mgeni, kumhusu mwanamke aliyeamka siku ishirini na moja kuyatilia maji mayai yasiyo yake. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mpaka leo nikilikumbuka neno lile naona aibu, na sioni kwa nini nikufiche.

Rukia hakulia wala hakujibizana. Alisema tu, "Siku ya tano nilikuambia," kisha akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na mkoba begani. "Naenda kumsalimia mama," akasema. Mke aliyeolewa juzi akisema hivyo na mkoba umejaa nguo zake zote, ujue hizo si salamu. Nikataka kumwita, kiburi kikanizuia.

Magokoro ndiye aliyesema, na hakuinua sauti.

"Wewe mama, ngoja kidogo. Weka hiyo mfuko chini. Si kwa sababu ya huyu, ni kwa sababu yangu mimi." Kisha akanigeukia. "Fundi. Hii kitu inageuza mayai, ulijua aje iko na nguvu?"

Nikapata pumzi. Hapo nilijiamini. Nikaifungua mota, nikaibana tena kwenye jiliwa, nikajaza gorogoro mahindi, nikaining'iniza. Nikaunganisha na kikokotoo ili aone vizuri. Mota ikaipandisha gorogoro mpaka juu. "Umeona?" nikamwambia. "Kilo mbili."

Akasimama, akaishika gorogoro kwa mkono mmoja, akaipimapima hewani. Ule ni mkono uliokuwa umepima nafaka tangu kabla sijazaliwa. Uso ukamkunjika.

"Hii imetoka wapi?"

"Ya shangazi yangu. Alikuwa akiuza maharagwe."

"Mwaga."

Nikayamwaga mahindi mezani. Akaingiza ngumi ndani ya mkebe, akaitoa, akaugeuza mkebe anionyeshe kitako chake. Kilikuwa kimegongwa kwa nyundo kikaingia ndani, ngumi nzima ya mtu mzima ingekaa pale chini. Nje hukioni, maana mkebe umesimama juu ya ukingo wake. Ndani, robo ya maharagwe ya kila mteja ilikuwa imebaki kwa shangazi.

Magokoro akacheka. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kitambaa. "Shangazi yako nilimjua," akasema. "Wacha, amelala, Mungu amhurumie. Sokoni hii tunaijua, mteja anaingiza mkono kwanza. Wewe hukuingiza mkono?"

Mimi mtoto wa yadi, sikuingiza mkono.

"Uko na kitu ya kilo mbili ya ukweli?"

Kabla sijajibu, Rukia alikuwa amekwenda jikoni na kurudi. Alileta pakiti ya unga wa ugali, haijafunguliwa, kilo mbili zimeandikwa ubavuni. Siku zote ilikuwa palepale rafuni, kando ya gorogoro.

Tukaifunga uzi. Nikaiamuru mota. Uzi ukakaza, pakiti ikanyanyuka upana wa kidole, ikarudi chini. Ikanyanyuka, ikarudi. Mota inanguruma, inatetemeka, pakiti iko palepale sakafuni. Na kikokotoo, mwanangu, kikokotoo kilikuwa kinahesabu kwa raha zake. Arobaini na moja. Arobaini na mbili. Tisini. Mia na hamsini. Sote watatu tulikuwa tumeinama tunakitazama mpaka kikafika mwisho.

"Hiyo inasema nini?" Magokoro akauliza.

"Mia mbili."

"Maana yake?"

"Maana yake... imefika."

"Imefika wapi?"

Rukia aligeuza uso. Nilidhani ananicheka, na ingekuwa haki yake, lakini alikuwa anafuta macho. Hapo ndipo nilipojua ni uzito gani alikuwa amebeba tangu niliponyosha kidole, na hata kabla ya hapo, tangu siku ya tano.

Magokoro akarudi kwenye kigoda chake.

"Sikia, omwana one," akaniambia, maana yake mwanangu. "Mimi nauza na gorogoro miaka yote hii. Gorogoro haijawahi kuwa kilo mbili. Gorogoro ni mimi na mteja. Yeye ananiangalia, mimi namwangalia. Akisema ongeza, naongeza. Kama mkebe imebonyea kidogo, nyongeza inafunika, tunaachana kila mtu amefurahi. Sasa hii chuma yako itakuambia ongeza?"

"Hapana, magokoro."

"Chuma haina nyongeza. Nyongeza ni ya mtu. Na wewe umefanya kinyume. Kazi ya mkono yako umeijazia mpaka ikamwagika. Bibi yako umempimia na hii ya shangazi."

Akauweka ule mkebe mbele yangu, kitako juu.

"Mayai nitaenda kuongea na wale akina mama. Yai inatagwa tena. Lakini huyu, ulimtukana mbele ya nani?"

"Mbele yako."

"Basi muombe msamaha mbele yangu. Usingoje niende."

Nakwambia ukweli, nilikuwa nangoja aende. Nilikuwa nimeshapanga: Magokoro akiondoka, nitamwita Rukia pembeni, nitamwambia maneno mawili matamu, yaishe. Mzee yule aliniona ndani kama anavyoona kitako cha mkebe. Lakini muungwana akivuliwa nguo huchutama. Nikachutama.

"Rukia," nikasema, "uliniuliza kama nimeipima, nikakudharau. Siku ya tano ukaniambia, nikakunyamazisha. Leo nimekusingizia mbele ya mgeni. Kosa ni langu lote. Nisamehe."

Akainama, akaifungua ile pakiti kwenye uzi, akapangusa vumbi.

"Unga tunao huu tu," akasema. "Na mgeni ametoka Nyamache hajala."

Akaingia jikoni. Mkoba ukabaki mlangoni. Sikuugusa, niliogopa. Tulikula ugali na mboga, Magokoro akachukua vifaranga wake kumi na mmoja akaenda zake, na mkoba bado uko mlangoni. Adhana ya magharibi ilipokwisha nikamwona Rukia ameuchukua mwenyewe, akapita mbele yangu, akaurudisha chumbani. Nilikwenda karakanani nikalia, mwanangu. Na wewe ukipata siku kama hiyo, lia, hakuna fundi aliyekufa kwa machozi.

Kesho yake tulianza upya, na safari hii tulikuwa wawili. Tulitoa kigogo cha kwanza, tukaweka chembamba nusu yake. Mota ni ileile, ila uzi unapita polepole mara mbili na nguvu ya kuvuta inakuwa maradufu. Tukaning'iniza pakiti mpya ya unga, ikapanda. Tukaongeza kilo ya sukari, ikapanda. Nikataka kushangilia, Rukia akanishika mkono. "Iache izunguke kwanza mpaka ipate moto, halafu tupime tena." Alikuwa sawa: ilipopata moto, sukari haikupanda tena. Tukapima pia ikienda mbio, nguvu ikapungua zaidi. Mpaka leo, nguvu yoyote tunayoipima tunaigawa kwa mbili, na nusu hiyo ndiyo tunayomwahidi mtu. Magokoro alikusanya mayai mengine sitini. Sijui aliwaambia nini wale akina mama, lakini walimpa. Walianguliwa hamsini na wawili, na Idd ile akatuletea jogoo na mkungu wa ndizi.

Siku hizi ninayo mizani ya elektroniki ya kupimia mabegi, na mkono wa alumini wa sentimita kumi ninaoufunga kwenye ekseli. Vijana huniletea mota na kuniambia, "Mzee, nguvu yake imeandikwa." Nami huwaambia hata gorogoro ya shangazi ilikuwa imeandikwa kilo mbili ubavuni. Tunapima. Na mara moja moja, mizani ikinitia shaka, namwita Rukia alete unga.

Basi nasaha yangu ndiyo hii. Ukipima kazi ya mkono wako, ingiza ngumi mpaka chini ya mkebe. Ipime ikiwa imepata moto na iko mwendoni, maana chochote kikisimama huonekana kina nguvu, hata mimi nikiwa nimekaa hapa. Usiihurumie, usijirushie konzi ya nyongeza. Akija mtu wako akakuambia trei haifiki mwisho, acha kioo, katazame trei. Lakini mtu mwenyewe usimpime hivyo. Mtu mjazie, halafu mwongezee, kwa kuwa siku utakayohitaji kuongezewa wewe haiko mbali. Na ukimkosea, mwombe radhi mbele ya yuleyule uliyemwaibisha mbele yake, kabla hajainuka kwenye kigoda.

Sufuria imeanza kulia tena jikoni, kwa hiyo nadhani nimesema kweli.

Mungu akupe, mwanangu, mkono usiojidanganya na ulimi usio na haraka ya kulaumu. Akubariki katika karakana yako na akubariki zaidi ukitoka humo kuingia nyumbani. Akujaalie mtu wa kusimama mlangoni, mikono imejaa unga, akuulize, "Na umeipima?" Na siku atakapokuuliza, akupe masikio. Amina.